Nilipima Kutoka Puani Pako

Thoya, mwenzangu,

Nina miaka themanini na kitu. Kitambulisho kinasema pungufu, lakini kitambulisho kile kiliandikwa na kijana wa serikali aliyenitazama meno kama anayenunua punda, kisha akakisia. Nimeishi kuliko feri ya Kilifi, maana nilivuka nayo na mitungi ya tembo, na leo watu wapita darajani wala hawajui kama palikuwa na feri. Nimeishi kuliko wake wawili, na ndugu zangu wote, na machifu nisiowakumbuka majina, na kila mgema niliyepanda naye minazi. Wengine walianguka, wengine walilewa. Mimi sikuanguka hata siku moja, na nani asiyejua kulewa kwangu. Nimeishi kuliko daktari aliyeniambia niache tembo. Na sasa nimeishi kuliko wewe, na hilo sikulitaka.

Mimi na kalamu hatupatani, wajua. Wewe ndiye uliyenifunza kwenye ngumbaru, nikiwa tayari na mvi, ukasema mkono wangu waandika kama jongoo aliyekanyagwa. Basi jongoo huyu hapa. Msome polepole.

Nakuandikia jambo moja tu. Wale waliokuacha upite peke yako jioni ile, nimewanawisha mikono. Mchana kweupe, mbele ya mkeo Sidi, mbele ya chifu, mbele ya ng'ombe. Na ujue nilivyofanya, kwa sababu silaha uliniachia wewe, ingawa ulipokuwa ukinipa ulidhani wanipa hadithi.

Uliporudi Tezo, baada ya chuo chako cha bara na ile kazi ndefu ya kuitia Torati katika Kigiriama, watu walikushangaa. Mtu amesoma Kiebrania, lugha ya Mayahudi wa kale, halafu yuaketi barazani na shati jeupe na kaptura yuamenya mihogo. Mimi sikushangaa. Nilikuletea tembo la mnazi alasiri, ukanywa kikombe kimoja, hukuongeza, nami nikamaliza mtungi kwa niaba ya elimu.

Nakumbuka siku uliyonifungulia kile kitabu kikubwa cha Mayahudi. Katikati maneno machache, na pembeni maneno mengi yameyazunguka kama kuku waliozunguka mtama. Ukasema, "Menza, haya ya katikati ni ya wale wa kwanza. Haya ya pembeni ni ya wazee wanaobishana juu yake. Huyu alikufa kabla babu ya huyu hajazaliwa, lakini hapa wabishana kama waliokalia mkeka mmoja." Nikakuambia, basi hao ni watu wa mangweni. Maana mangweni kwetu, pale tunapokunywa, hakuna anayeinuka bila kutia neno lake, hata kama neno lenyewe halina kichwa wala miguu. Ulicheka ukamwaga kikombe chako. Tangu hapo kila uliposoma ulinigeukia: "Na wewe, mzee wa pembeni, waonaje?"

Mzee wa pembeni. Nilijisifia jina hilo Tezo nzima. Hapana mgema mwingine pwani hii aliyeulizwa na msomi maana ya Torati, na aliyeulizwa akajibu.

Jambo lililotugombanisha sana ni lile la mtamba. Ulinisomea kwamba mtu akikutwa ameuawa shambani na muuaji hajulikani, wazee watoke, wapime kutoka kwa maiti hadi miji iliyo jirani. Mji ulio karibu zaidi, wazee wake walete mtamba, ng'ombe jike asiyezaa bado, ambaye hajawahi kufungwa nira. Wamshushe kwenye korongo lenye maji, mahali pasipolimwa, wamvunje shingo. Kisha wanawe mikono juu yake na kusema kwamba mikono yao haikumwaga damu hii, wala macho yao hayakuona.

Nikaruka. Nikakuambia, ng'ombe ana kosa gani? Ukasema, hata wao waliuliza. Nikakuambia, na wazee, mbona wanawe? Kwani nani aliyewadhania wazee kuwa wauaji? Ukapiga goti lako kwa furaha. "Hata hilo waliuliza! Tena kwa maneno hayo hayo!" Ukanieleza jibu lao, nami nimelibeba mpaka leo kama mzigo wa kuni. Walisema wazee hawaapi kwamba hawakushika panga. Waapa kwamba mtu huyu hakufika kwao na njaa wakamwachia aende bila chakula. Hakufika kwao na hofu wakamwachia aende bila wa kumsindikiza.

Niliweka mtungi chini, nami si mtu wa kuweka mtungi chini. Kisha nikasema, hiyo ni kiraho. Kwetu mtu akiapa kiraho kwa uongo, tumbo lake humwambia. Ukasema, "Andika hilo pembeni, Menza."

Halafu tukacheka na lile lingine, wanavyobishana wapime kutoka wapi. Mmoja asema kutoka kitovuni, mwingine asema kutoka puani. Nikasema hao wazee hawakuwa na kazi za kufanya. Laiti ningejua.

Sasa sikiza jinsi walivyokuua, maana huenda wewe uliona mwisho wake tu.

Ilianza na Ngumbao, mtoto wa nduguyo. Alilitaka lile shamba lako la kando ya barabara tangu walipoanza kujenga nyumba za kupangisha kule, nawe ukamwambia shamba ni la Sidi na mihogo yake. Kwanza akanuna. Kisha akapata maneno. Yule msichana mdogo wa jirani alipougua homa, Ngumbao akaanza kusema mangweni kwamba baba yake mkubwa yuasoma kitabu kinyumenyume, kutoka nyuma kuja mbele, huku yuatikisa mwili na kutaja majina. Nikamwambia, kijana, hata Waislamu wasoma kutoka kulia, nenda madrasa ukawaite wachawi. Akacheka. Akasema kitabu chako kilionyeshwa mtu wa madrasa akasema, hii si yetu. Na mtu wa kanisani akasema, hii si yetu. "Basi mzee Menza, kama si ya kanisani na si ya msikitini, ni ya wapi?"

Watu wakageuka wakamtazama. Niliona neno lile likiwaingia kama maji kwenye mchanga. Ni mtu wa kwetu tu awezaye kukosea hivyo, Thoya: akaona maandishi ya Musa, ambaye kanisa na msikiti wote wamwamini, akayaita utsai, uchawi. Na wewe una mvi. Huku kwetu siku hizi mvi ni kesi. Nimeona wazee wakipaka rangi nyeusi kichwani kama wasichana wa Mtwapa ili walale salama. Wewe ukakataa. Ulisema, "Mvi zangu nimezisomea."

Jioni ile ulitoka dukani. Njia yapita kijiji cha Juu, kisha ule mstari wa mikonge, kisha kijiji cha Chini, kisha kwako. Asubuhi yake mimi nilikuwa juu ya mnazi. Nilitia kotama, kisu cha mgema, nikate panda la tembo, nikatazama chini, nikaona shati jeupe kwenye mikonge. Nililijua shati. Nilikuwa na macho mazuri siku hiyo na nimeyalaani tangu hapo. Kutoka kule juu niliona vyote kwa pamoja: nyumba za Juu zatoa moshi wa chai, nyumba za Chini zatoa moshi wa chai, na wewe katikati umelala umekatiza mstari, kichwa upande wa Juu, miguu upande wa Chini. Sikuanguka. Lakini ndiyo mara pekee niliyoshuka bila tembo.

Polisi walikuja. Watu wa Juu wakasema, miguu yake iko Chini, waulizeni wa Chini. Watu wa Chini wakasema, kichwa kiko Juu. Kila aliyeulizwa hakuona. Kijiji kizima cha watu wanaojua mbuzi wa nani amejifungua mapacha, siku hiyo wote vipofu. Jalada likaenda Kilifi likalala huko.

Na kwenye hanga yako, watu wanalia na ngoma zapigwa, Ngumbao akatoa vitabu vyako nje akavitia moto. Akasema asafisha boma. Hakuna aliyemzuia. Mimi nilimfuata na fimbo, wakanishika, ati mzee tulia, ni uchungu wa msiba. Sidi aliwahi kuokoa kile kikubwa, akakificha uchagani chini ya mahindi. Kulipokucha nilizoa majivu ya vile vingine kwenye kikapu nikayazika kando yako, maana uliniambia Mayahudi hawatupi maandishi yaliyochakaa, huyazika kama mtu. Nilichimba mwenyewe. Mtu akiniona alikata kona.

Kisha nikaanza kazi.

Nilienda kwa Kenga. Wamjua Kenga, mkuu wa wazee wa Juu, mwenye nyumba ya mwisho kabla ya mikonge, rika letu, tuliyetahiriwa naye pamoja. Nikamwambia, Kenga, nataka tupime. Akasema, "Tupime nini?" Nikamwambia. Akanitazama kama aliyemeza mwiba wa samaki. "Menza, wewe ni mgema. Torati umeijulia wapi?" Nikamwambia, niliijulia kwa mtu mliyemwachia fisi. Nikaenda kwa wazee wa Chini, nikawaambia hivyo hivyo. Mchungaji wa Juu akaniita pembeni kwa upole wake wa sabuni: "Mzee, hayo ni ya agano la kale, yamepita." Nikamuuliza, na kuua wazee kumepita? Akaniombea. Nikamwambia aniombee akiwa amesimama upande, mimi nina safari.

Nilifanya hivyo msimu mzima wa mahindi. Kila kwenye msiba, kila kwenye harusi, kila mangweni, nilisimama na kusema: kuna maiti haijapimwa. Walinichoka. Watoto waliniita Babu Pima. Nami wajua nilivyo, mtu akinichoka ndipo napata nguvu. Mwisho wazee wa Chini wakachoka kuliko wa Juu, wakasema, na tupimwe basi, tujue. Wa Chini wakikubali, wa Juu watakataaje? Wakikataa wamejibu. Chifu akasema atakuja, ahakikishe hakuna vita.

Mtamba alikuwa wangu. Yule mwekundu mwenye doa usoni, ambaye hajawahi kuvuta mkokoteni wa maji. Nilimtia kamba nikampeleka mwenyewe. Na kamba ya kupimia niliisokota mwenyewe kwa makumbi, kamba ya mgema, haidanganyi.

Nikasimama pale ulipolala. Nilikuwa nimeweka jiwe kichwani na jiwe miguuni siku ile ile, kabla hawajakubeba. Na hapo ndipo palipoanza mambo, mwenzangu, na laiti ungekuwapo ungemwaga kikombe.

Wazee wa Juu wakasema: pima kutoka kitovuni! Mtu ni kitovu, alipofungwa na mamaye. Wazee wa Chini wakasema: pima kutoka kichwani! Watu hawa hawajafungua kitabu chako hata kimoja, walikiacha kichomwe, na leo wabishana vile vile, mmoja kitovu, mwingine pua, mishipa ya shingo imewatoka. Maana kutoka kitovuni nyumba iliyo karibu ni ya Chini. Kutoka puani ni ya Juu. Ni ya Kenga.

Nilitaka kucheka na nilitaka kuua, yote mara moja. Nikapaza sauti nikawaambia, nyamazeni, mzee wa pembeni asema. Lakini Sidi alinitangulia. Alikuwa amekaa chini na kaniki yake. Akainuka. "Nimelala kando ya pua ile tangu nikiwa kigori. Akikoroma najua yu hai. Asubuhi ile nilijua amekufa kwa sababu sikuisikia. Shemeji Menza, pima palipotoka pumzi."

Hakuna aliyembishia. Hata Kenga.

Nilipima kutoka puani pako. Nilipiga magoti nikashika kamba pale penye jiwe, na kwa kitambo sikuweza kuinuka. Wakadhani ni uzee. Nikawaachia wadhani. Kamba ilifika mlangoni kwa Kenga na ikabaki. Ya Chini ilibidi kuungwa.

Tukashuka korongoni, pale maji yapitapo wakati wa mvua na hapana anayelima. Mtamba akasimama ananusa majani. Shoka nililinoa tangu jana yake. Nakuambia kweli, nilitaka kuvunja kitu siku ile, na kama si shingo ya ng'ombe, shingo ilikuwapo nyingine, nyembamba, ya kizee, imesimama mbele yangu na ukosi uliopigwa pasi.

Nikasema, kabla sijampiga, waanze kunawa, maana nataka kusikia. Kwa mpangilio wa Torati nilikosea, kuvunja shingo hutangulia, lakini niliijua kazi yangu. Sidi akamimina maji. Wazee wa Juu mmoja mmoja wakanawa, wakasema: mikono yangu haikumwaga damu hii, wala macho yangu hayakuona. Wengine walitazama mtamba, hawakunitazama mimi, lakini walisema. Ngumbao alikuwa nyuma kabisa, amekalia jiwe, yuatafuna kijiti na kucheka.

Ikafika zamu ya Kenga. Akanawa. Akasema, mikono yangu haikumwaga damu hii. Akaishia hapo. Maji yakawa yadondoka vidoleni.

Nikamwambia, sema macho.

Akamnyooshea Sidi mikono tena, amimine.

Nikamwambia, Kenga, wewe na mimi tulikatwa kwa kisu kimoja. Sema macho yako.

Thoya, alikaa chini. Mkuu wa wazee akakaa matopeni na nguo zake nzuri. Akasema, "Aligonga kwangu. Jua lilikuwa laingia. Akasema, Kenga, nisindikize mpaka mikongeni, kuna mtu nyuma yangu. Nikamwambia, Mwalimu, nimeshavua viatu."

Sidi akaiweka kata ya maji chini.

"Nimeshavua viatu," akarudia, kama anayemwambia mtu mwingine. "Nikachungulia dirishani. Ngumbao akapita na panga. Nikafunga dirisha."

Tulipogeuka, jiwe lilikuwa tupu. Kijana alikimbia. Akafika mpaka Mtwapa akajificha kwenye chumba cha kupanga, lakini Mtwapa nako kuna watu wana macho, na wao hawajafunzwa upofu wa Tezo. Wakamleta. Sasa yuko ndani, na kesi yasikizwa Malindi. Kila ikitajwa mimi huenda. Sidi hunipikia chakula cha njiani. Naketi mbele kabisa, na nimevaa kofia yako, ile ya ukindu, na simwambii neno. Namtazama. Siku ya kwanza naye alinitazama. Sasa atazama sakafu. Nitaenda mpaka aijue ile sakafu kama ulivyojua Torati.

Lakini nataka kukuambia la shoka.

Nilikuwa bado nimelishika. Kenga yuko chini, kichwa ameinamisha, shingo hiyo hapo. Chifu alikuwa ashughulika na simu. Nani angenizuia? Nilipiga hatua. Kisha mtamba akanisukuma mkono kwa pua yake, ya baridi, ataka majani niliyomzoeza, na nikakumbuka uliyoniambia mwisho wa ile habari, nilipokuwa nimeshachoka na mtungi umeisha. Ulisema wale wazee waliuliza: na muuaji akipatikana kabla mtamba hajavunjwa shingo, inakuwaje? Ukajibu: huyo ng'ombe hutoka akaenda kula majani pamoja na wenzake.

Siku ile nilikuambia hilo ndilo jambo pekee la busara katika kitabu kizima.

Nikaifungua kamba ya mtamba. Akapanda ukingo wa korongo akaenda kula. Watu walimtazama mpaka akapotelea kwenye majani. Sidi alilia hapo, si kabla.

Sasa usije ukadhani nimesamehe. Nakujua, wewe ulikuwa na ugonjwa huo. Ngumbao ana serikali. Wa kumwadhibu Kenga ni mimi. Serikali haina kifungu cha mtu aliyevua viatu. Wakasema ni shahidi, wakamshukuru, wakampa mkono. Mimi nilikaa nikafikiri, nikamtafutia adhabu yake ndani ya kitabu chako, na haikuwa shoka.

Jua likianza kuingia natoka kwangu naenda mpaka kwa Kenga. Nagonga mlango ule ule uliougonga wewe. Nasema, "Kenga, vaa viatu."

Mara ya kwanza alisema miguu yamuuma. Nikaketi mlangoni. Wajukuu zake wakatoka, mkewe akatoka, majirani wakatoka. Nikawaambia, msihangaike, nangoja mtu avae viatu. Akavaa.

Tukaenda mikongeni. Yeye mbele, mimi nyuma, kama ulivyokuwa na mtu nyuma. Tukifika kwenye lile jiwe la kichwa nasimama, naye lazima asimame. Kisha ananifikisha kwangu, halafu arudi peke yake, apite pale peke yake, aone utamu wake. Kesho yake tena. "Kenga, vaa viatu." Watoto wa Juu sasa waijua saa kwa mimi kupita. Mchungaji akaja kuniambia namtesa mzee mwenzangu. Nikamwambia, mimi ni mgeni naomba kusindikizwa. Tangu lini Mswahili au Mgiriama akamnyima mgeni hatua chache? Akaenda zake na sabuni yake.

Mwezi huu niliugua kifua. Siku mbili tatu sikuweza kutoka. Jua lilipokuwa laingia nikasikia hodi. Ni Kenga, amevaa viatu, ameshika tochi. Akasema, "Leo hukuja." Sikumpa kiti. Nilimwacha amesimama hapo mlangoni, nikamwambia, basi nenda mpaka jiweni peke yako urudi. Akaenda. Niliiona tochi yake, ikasimama pale, ikakaa sana, kisha ikarudi. Sikumuuliza alisema nini huko. Kama alikuambia kitu, ni mambo yenu. Mimi hainihusu.

Kitabu chako kikubwa kiko kwangu sasa. Sidi alisema kikae kwa mzee wa pembeni. Sijui hata herufi moja ya mle ndani, na simwambii mtu hivyo; mtu akija nakifungua kutoka kulia, natikisa mwili kidogo kama ulivyofanya, na mvi zangu sipaki rangi. Waje. Yule msichana aliyeugua homa amepona, alikuja jana kuniuliza yale makuku ya pembeni yasema nini. Nikamwambia wabishana. Akauliza nani ameshinda. Nikamwambia bado.

Basi lala, Thoya. Kwaheri kwa mkono huu wa jongoo. Ahadi yangu ni hii: maadamu miguu yangu yanibeba, jua halitaingia Tezo Kenga akiwa amevua viatu. Nikitangulia mimi, sawa, nitakuja na mtungi. Akitangulia yeye, mpokee wewe, una moyo huo, lakini umfanye akusindikize.

Na kama huko uliko wale wazee wako wa pembeni wataka mashahidi, maana watu wale hawaamini neno la mtu mmoja, wape hawa. Sidi mkeo, aliyemimina maji. Chifu, aliyeandika, ingawa aliandika vibaya jina langu. Mtamba mwekundu mwenye doa usoni, yupo hai, ana mimba, ala majani kwa Sidi. Na Kenga. Wamuulize Kenga. Safari hii aliona.

Mimi mwenzako,
Menza, mgema, mzee wa pembeni